Namba Tano

Hisa yangu ni karatasi moja ya bluu,
mhuri umepinda, jina limekosewa herufi:
mimi Atuganile, wao wakaandika Atuganije.
Nimeiacha hivyo. Miaka tisa ya kushona sare za shule,
mchana Mwanjelwa, usiku nyumbani, mguu juu ya cherehani,
haifutwi na herufi moja.

Jengo letu la Uhindini lina milango sita na bomba moja.
Mama Sanga wa juu akifungua, kwangu maji yanakwama kooni.
Namba Mbili wanakaanga bagia, Namba Nne wanachemsha mbalaga,
na ngazi inameza vyote, haichagui.
Mkutano wa rangi ya ukuta ulitula siku tatu:
Mama Sanga kijani, Namba Mbili nyeupe,
mweka hazina ile ya bei rahisi.
Mwisho tukachanganya mabaki ya makopo.
Sasa tuna rangi ambayo hata wauza rangi hawana jina lake,
na mwezi wa sita, ukungu ukishuka kutoka Loleza,
jengo halionekani kabisa;
unapapasa mpaka mkono uguse mlango.

Pesa za sare za Januari zilipoingia, nikamwita Gwakisa.
Akabandua vigae, akakuta sakafu nyekundu ya zamani,
na kwenye ufa wake kifungo cha shati
na senti ishirini, mbuni wake hajachoka kukimbia.
Akaniwekea sinki, dirisha la kuteleza,
kabati la msonobari wa Sao Hill
ambalo ukilifungua asubuhi linanuka msitu.

"Na ule ukuta," nikasema, "uongezee tofali."

Upande wa pili anakaa Dadkarim, Mbaluchi wa Rujewa,
aliyepima mpunga wa watu mashineni
mpaka pumba zikahamia kifuani.
Miaka sita nimelala na kikohozi chake:
mara tatu, kimya, mara moja,
kisha redio, kisha kijiko kikizunguka kikombeni.
Siku sukari ilipomwishia nilijua.
Kijiko hakikuzunguka.

Gwakisa akapanga tofali, akashindilia sponji katikati,
akapiga lipu, akagonga kwa kiganja, akacheka:
"Hapa hata tetemeko litabisha hodi."

Usiku wa kwanza nililala kama mgeni wa hoteli.
Wa pili pia.
Wa tatu nikaamka saa tisa, nikasubiri.
Nikahesabu mwenyewe gizani: tatu, kimya, moja.
Ukuta ulikuwa laini, mweupe, hauna habari yoyote.
Nikabandika sikio.
Lipu mbichi ina baridi, jamani.

Kulipokucha niligonga mlango wake, kikombe mkononi.
"Nimeishiwa chumvi."
Alifungua kavaa koti juu ya koti.
Akanitazama, akakitazama kikombe,
akatazama chokaa kwenye sikio langu.
"Kumbe upo," akasema.
"Cherehani imenyamaza siku ya tatu leo.
Nilidhani umehama."

Akanijazia chumvi mpaka ukingoni, akainama kukohoa,
nami nikasimama pale kizingitini
nikimsikiliza kama mtu anayehesabiwa chenji yake:
tatu. Kimya.
Moja.

Nikarudi, nikaimimina juu ya chumvi yangu, mfuko ukafurika.
Gwakisa ananidai elfu sitini;
nilipompigia alidhani namwita kwa malipo.
"Njoo na tindo," nikamwambia.
"Tindo ya nini? Kazi si imeisha?"
"Pale juu ya kabati. Tundu la ngumi moja."
Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake wa simu.
"Dada, ile sponji nilinunua ghali."
"Najua."
"Na ushirika wakiuliza?"
Nikatazama ukuta, nikatazama cherehani kwenye kona,
sare kumi na nne hazijatiwa kola.
"Waambie bado tunakarabati."