Kadi ya Kliniki

Ijumaa jioni unaniletea mtoto
na mfuko wa rambo: kanga moja, nepi tatu,
chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki vidole viwili.
Sisemi "karibu," nawe husemi "hodi."
Tunahesabu vitu mlangoni
kama makarani wa ghala la tumbaku.

Hatukuoana, Kalunde. Mahari ilikwama njiani,
mjomba wako na baba yangu wakarushiana maneno
yaliyosikika hadi Sikonge.
Sawa. Lakini Kabula hakukwama.
Alikuja na miezi yake tisa, na masikio yangu.

Mwanzo nilimshika kama rimu iliyopinda,
naogopa nikikaza spoku hii, ile itakatika.
Uji nilioupika ungeziba pancha.
Majirani wa Isevya wakachungulia juu ya ua:
"Mwanaume na kitoto! Kwani mama yake kafa?"

Kliniki, nesi alitazama nyuma ya bega langu
akimtafuta mwanamke wa kumwambia.
"Mara ya mwisho kuharisha lini?"
Nikamtajia siku. Nikamtajia na saa.
Kalamu ikasimama.
Kuanzia hapo aliniambia mimi.

Lakini usiku ule wa homa nilikubipu mara tatu.
Ulipopiga nilisikia mafuta yakichemka,
saa tisa, na wewe tayari uko kwenye maandazi.
Nilitaka useme, "Nakuja."
Ukasema, "Mvue gauni. Mpe maji, kidogo kidogo.
Asipokojoa hadi alfajiri, mbebe hospitali, usinisubiri."
Kisha kimya. Andazi likageuzwa.
"Mihayo, mtoto unamjua.
Hata mimi nabahatisha."

Unabahatisha!
Na mimi mwaka mzima nikidhani
wenzangu mligawiwa kitabu,
foleni ikaishia mbele yangu.

Alikojoa saa kumi na moja, mapajani kwangu.
Treni ya kutoka Kigoma ikapiga honi.
Nikacheka peke yangu, suruali imelowa.

Leo Jumatatu. Narudisha kanga moja, nepi mbili;
ya tatu iko kambani, bado mbichi.
Nadaiwa.
Unaikunjua kadi kuona uzito wake,
na chini ya namba yako ya simu
naona umeshaandika yangu,
lini sijui,
kwa peni, si kwa penseli.