Mkono wa Kikombe

Barua kumi na moja nilizitia droo ya vijiko,
gundi yake bado nzima.
Nilijua zilichosema. Bahasha ya kahawia
haijaleta heri mtaa huu wa Longton
tangu tanuri la kiwanda chetu lizimwe.

Ya kumi na mbili ilikuwa na mhuri wa mahakama.
Niliisoma nimesimama, koti mwilini;
birika likachemka, likajizima, likapoa.
Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi,
mwenye nyumba anaidai nyumba yake.
Yake. Kuta nimezipaka rangi mimi, mara nne.

Parminder, ofisi ya ushauri, juu ya duka la miwani,
hakunipa pole. Alinipa kalamu.
"Pole itakuja. Kwanza tarehe."
Akaumwaga mfuko wangu mezani:
risiti, hati za mshahara wa Kieran
kabla hawajampunguzia saa za kazi,
kadi ya rambirambi ya Vernon.
Hiyo alinirudishia mkononi, taratibu.
Zilizobaki akazipanga kwa miezi,
kidole kikashuka, kikasimama.
Ruzuku ya pango ilikatika wiki tisa.
Kosa lao.
Wiki tisa! Na mimi mwaka mzima
napita dirishani kwangu kama mwizi.

"Juu ya pango utaongeza ngapi?
Usitaje ya kumfurahisha hakimu."
Tukatoa umeme, basi, chakula cha paka.
Zikabaki pauni sita kwa wiki.
Niliona haya.
"Sita inayolipwa," akasema,
"inaishinda ishirini ya mdomoni."

Miaka ishirini na saba nilibandika mikono ya vikombe:
tone la uji wa udongo, dole gumba, kubana pumzi.
Ukibandika kwa pupa, tanuri litakuumbua.
Mwenye nyumba kashika mpini, najua,
mimi nimeshika makali.
Lakini mikono naijua.
Usiku ule nilimsomea paka faili zima,
wiki tisa, pauni sita, wiki tisa, pauni sita,
mpaka akahamia chumba cha pili.

Kumbe hakuna wigi wala joho.
Meza, jagi la maji, hakimu mwenye mafua.
Wakili wao alibeba majalada ya watu thelathini,
na jina langu akalivunja.
Colclough: twaliandika kwa herufi tisa,
twalitamka Kokli.
"Ni Kokli," nikasema.
Sauti ilikuwa yangu. Ikaja na zingine:
tarehe, wiki tisa, sita.
Parminder pembeni aligeuza kurasa tu.

Dakika nane.
Amri imetolewa, imesitishwa, maadamu nalipa.
Sikushinda. Sikufukuzwa.
Nje nilitetemeka hata kitufe cha koti kikanishinda,
akanifungia yeye, na hapo ndipo
aliponipa ile pole.

Jana imekuja bahasha ya kahawia.
Nimevua koti, nimekaa,
nimeifungua kwa mpini wa kijiko.
Tangazo la mazulia.
Nimelisoma lote.