Namba Kumi na Saba

Kuopio, Januari. Saa tisa alasiri
na mchana umeshafunga virago.
Nimekaa juu kabisa, chini ya paa la uwanja,
glavu nimezikata vidole ili niweze kuchapa,
na huko chini wanaume ishirini
wanaichana barafu kwa viatu vya makali.

Mimi siwaoni watu. Naona nukta.
Kila jezi ina kihisi begani, kidogo kama ukucha,
kinachonong'ona mara ishirini kwa sekunde:
nipo hapa, nipo hapa, sasa nipo hapa.
Msimbo wangu unasikiliza, unajumlisha,
unampelekea kocha grafu kabla kahawa haijapoa.

Usidhani ni kazi ya utukufu.
Wiki iliyopita mchezaji wetu mwenye kasi kuliko wote
aliibuka saa sita usiku, akizunguka palepale
kwa mwendo usiowezwa na mguu wa binadamu.
Nikakesha, mstari baada ya mstari.
Asubuhi Sirkka wa chumba cha kufulia alicheka hadi akakaa chini:
jezi namba tisa ilikuwa ndani ya mashine yake.

Lakini huyu, kumi na saba, Vartiainen,
si hitilafu. Nimekagua mara tatu.
Nukta yake inachelewa kugeukia kushoto,
kidogo tu, hata kope haijafumba,
mechi nne mfululizo.
Kocha hajaona. Mwenyewe pengine hajui.
Najua mimi, nisiyeweza kusimama barafuni
bila kushika ukuta.

Akapanda baada ya mazoezi, nywele zinadondosha maji,
akasema kama mtu anayeuliza bei:
"Nionyeshe."
Akautazama mstari mwekundu unavyoshuka. Akajikuna kidevu.
"Binti yangu ana wiki tano. Halali.
Basi na mimi silali."
Akateremka ngazi, ameshika reli.

Ninayo safu ya mapigo ya moyo, ya kasi, ya umbali,
ya baridi ya barafu hadi desimali mbili.
Safu ya mtoto sina.
Kesho saa mbili ripoti itajituma yenyewe;
ndivyo nilivyoiandika, isimngoje mtu.

Chini, gari la kulainisha linafuta michirizi yote.
Kwenye msimbo kuna aina ya mstari
ambao mashine huuruka bila kuusoma.
Nimeandika hapo: *ana wiki tano, halali.*
Nimehifadhi. Nimevaa koti.
Kisha nimelivua tena.