Kigugumizi

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga;
mimi chini nilishafika, na Subaru yangu pia.
Springi fupi nilizifunga Februari,
na sasa chupa ya soda ikilazwa sakafuni
haipiti chini ya tumbo lake.
Kila tuta la Ndeeba nimelipa jina:
Mkwe, Afande, Yule-wa-Kanisani,
na lile lisilopakwa rangi
lililonipasulia manifoldi saa tano usiku, mvua ikinyesha,
gari likabaki kupumulia ubavuni kama mgonjwa.

Ndiyo maana leo niko Kisekka.

Kijana wa duka anafungua boksi polepole
kama zawadi ya harusi.
"Dada, hizi ndizo. Mabomba manne, urefu sawa.
Chuma kisichojua kutu. Milioni moja na laki nane,
ila kwako wewe, na laki sita."
Yananing'aria usoni kama vijiko vya wageni.
Anaeleza, na anaeleza vizuri:
pumzi ya kila silinda itasafiri mwendo uleule,
moja ikitoka nyingine inaingia,
kama akina mama wenye adabu kisimani,
hakuna anayemkanyaga mwenzake.
Nguvu itaongezeka. Turbo itaamka mapema.
Kule Busiika wanaume watazijua taa zangu za nyuma.

Nakubali. Mkono umeshaingia mkobani.

Anguyo, fundi wangu, hajasema neno.
Alitoka Arua na Kiswahili cha kambini
na kigugumizi alichozaliwa nacho.
Analala chali katika duka la watu,
anaweka bomba kifuani, anapima kwa vidole:
kimoja, viwili, vitatu na nusu.
"Li-li-linaning'inia," anasema. "Mkwe a-a-atalila."
Kijana anacheka. Hachekei tuta.

"Na," Anguyo anaendelea, hana haraka,
hajawahi kuwa na haraka na mwanzo wa neno,
"sauti i-itanyooka."

Itanyooka.
Hilo sikuwa nimeliwaza.
Ule mdundo, du-du, du, du-du,
pumzi zinazogongana mlangoni
kwa kuwa bomba moja ni refu na jingine fupi:
kwa huo Ofwono mlinzi hufungua geti
kabla sijakata kona ya msikiti;
kwa huo mwanangu huzima runinga,
akarukia kitandani, akajifanya amelala.
Haya ya urefu sawa yatalifundisha gari kusema
kama msomaji wa taarifa ya habari:
sauti safi, sauti ya mtu yeyote.

Mchagua jembe si mkulima,
lakini aliyesema hivyo
hakuulizwa milioni moja na laki sita kwa jembe.

Chini ya meza palikuwa na mengine, ya mtumba, ya Japani,
meusi, shingo zimeungua hadi zambarau,
moja refu, moja fupi, yamejikunja juu
kama miguu ya kuku anayelala.
Mshono mmoja umechomelewa upya, na si kwa ustadi.
Laki saba. Nikasema sita. Tukaishia sita na nusu,
na kijana akalifunga boksi lake
bila kunitazama.

Nguvu niliyoiacha mle ndani naijua.
Nitaikumbuka Jumapili, kwenye mnyoofu wa mwisho,
gari fulani jekundu litakaponipita.
Sijidanganyi.

Jioni Anguyo akakaza nati ya mwisho,
akajipangusa grisi, akanipa ufunguo.
Likakohoa. Likakwama.
Likaanza upya neno lilelile:
du-du. Du. Du-du-du.
Naye akasimama, kitambaa mkononi, kichwa ameinamisha,
kama mtu anayemsikiliza mwenzake,
na hakummalizia.