Baridi Si Mradi

Rubaya, mwezi wa saba.
Ukungu umelala bondeni na umekataa kuamka.
Mguu wangu wa kushoto, ule mwembamba,
ulijua tangu saa tisa za usiku.
Hauna nyama ya kujifunika;
baridi huuingia mfupani bila kubisha hodi,
kama jirani aliyezoea chumvi yetu.

Watu wa Kampala husema nchi hii haina majira ya baridi.
Waje walale kwangu, blanketi moja la kijivu,
na gunia la makaa shilingi elfu tisini.

Ofisi ya tarafa ina ngazi kumi na mbili.
Kwa magongo ni ishirini na nne.
Afisa alikuwa kijana mpole, koti lake zito,
mkononi karatasi ya maswali.
Waweza kujilisha?
Naweza, chakula kikiwepo.
Waweza kutembea hatua hamsini?
Bwana, nimetoka ng'ambo ya kilima kile,
mguu mmoja na miti miwili.
Akaandika: *anaweza.*
Kwa neno hilo moja nikapona,
bila daktari, bila sala.

Umri? Hamsini na minane.
Bado mchanga kwa fungu la wazee,
mzima mno kwa fungu la walemavu,
na fungu lenyewe halipewi mtu mmoja:
leteni kikundi, watu watano,
barua ya mwenyekiti, picha za pasipoti, akaunti ya benki,
na mradi.
Nikasema, mradi wetu ni kuota moto.
Alicheka, si kwa ubaya.
"Mama Kyarisiima, baridi si mradi."

Baridi si mradi, baridi si mradi,
magongo yaliyasema hayo mteremko mzima.

Tulikutana kwa Bazirake asiyeona.
Alikuja Rwamafa, aliyeacha mikono yake machimboni,
na Nyirakaromba wa kifafa, ambaye jiko lilimchora shavu,
na Kenyangi, anayemsemea mwanawe asiyesema.
Mbuzi? Mbuzi ana koti lake.
Cherehani? Tukamtazama Rwamafa, tukanyamaza.
Nyuki? Nani atakimbia?
Bazirake alikuwa akisuka kikapu, hakuinua kichwa:
"Vifaranga.
Kifaranga wa siku moja hafi kwa njaa.
Hufa kwa baridi."

Kimya.
Kisha tukacheka mpaka Kenyangi akashika mbavu.

Fomu ilikuwa na safu yake tayari, imepigwa chapa:
*Gharama za joto.*
Hakuna aliyeuliza kama wanaweza kutembea.
Tukajaza magunia manane.
Rwamafa akatakiwa kuweka alama ya kidole gumba;
akainama, akachovya kidevu kwenye wino.
Afisa aliitazama karatasi, akakitazama kidevu,
akagonga muhuri taratibu, kama anayebisha mlango wa mgonjwa.

Pesa zilichelewa. Mwezi wa saba ukapita, ukarudi.

Sasa, usiku, banda la Bazirake lina vifaranga mia mbili
na majiko mawili ya udongo, na sisi ukutani.
Zamu ya kulinda ni ya mtu mmoja;
huja watano na mtoto.
Nyirakaromba hukaa mbali na makaa,
Kenyangi amemshika upindo wa shuka.
Mtoto ana kifaranga kiganjani,
na hakuna anayetetemeka kati yao.
Mguu wangu mwembamba nimeunyoosha.
Umelala kabla yangu.

Nani mlemavu hapa, nani kuku, makaa hayaulizi.

Lakini safu ile ina mwisho wake: wiki nne.
Wao wakiota manyoya, sisi hatuoti moto tena.
Jana nilimwinua mmoja karibu na taa,
nikaona unyoya wa kwanza bawani,
mweupe, mdogo kama kucha ya mtoto.

Nikamrudisha katikati ya wenzake.
Sikumwambia mtu.