Daftari la Alhamisi

Kila Alhamisi jioni, nyuma ya cherehani za Mabatini,
tunafungua sanduku la kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Nyanzala, msusi wa Igoma,
wa pili Magesa, mpima dagaa wa Mwaloni,
wa tatu ninao mimi, shingoni, kwenye kamba ya kiatu.
Mmoja asipofika, hela zinalala humo humo.
Noti za Magesa zinanuka dagaa. Tumezizoea.

Hisa, jamii, faini: hizo kila kikundi kinazo.
Sisi tumechora safu ya nne kwa rula na wino wa kijani:
Usingizi.
Humo huingia elfu, mia tano, siku mbaya mia mbili.
Humo hutoka nauli ya kupanda Bugando,
ada ya mshauri yule asiyeuliza "sasa wewe ni nani hasa?",
vidonge, na vocha ya kumpigia mwenzio saa nane usiku
umwambie: usiseme kitu, pumua tu, nipo.

Mjumbe wa mtaa akiuliza, sisi ni mafundi wa kushona.
Si uongo. Kuna vitu tunashona.

Aliletwa na Nyanzala mwezi wa tatu, kalowa chapachapa,
kifua amekikaza kwa bandeji hadi pumzi inapita ubavu ubavu.
Usiku kumi na moja hajalala.
Kodi ya Igogo, miezi miwili.
Nyumbani kitanda chake kimeshauzwa.
Nikafungua ukurasa. Jina?
"Kabula," akasema, akanyamaza
kama mtu aliyelipa kwa sarafu iliyokwisha kufutwa.
Nikaandika. Kalamu haina masikio.

Safu ya nne ilikuwa na elfu thelathini na nne na mia mbili.
Magesa akasema: zote.
Nikasema: nusu. Mshika daftari asipokuwa bahili, nani awe?
Wakanishinda, kura sita kwa moja,
na ile moja niliionea haya kabla sijashusha mkono.

Akakataa. "Sitaweza kulipa."
Nyanzala akacheka, sindano ya kusukia iko mdomoni:
"Nani kakudai pesa? Hapa riba ni benchi.
Ukipata nafuu utakaa benchini na mwingine.
Usipopata, utakaa vile vile."

Jumanne tukapanda naye kilima.
Muuguzi akaliita jina la kwenye kadi kwa sauti ya mnada,
Kabula, Kabula yuko wapi,
na benchi zima likageuza shingo.
Tukasimama watatu.
Macho yakakosa pa kutua.

Sijui kilichosemwa mle ndani. Si kazi ya daftari.
Najua kwamba Mei alilala saa nne mfululizo, akatupigia kutuamsha atuambie.
Najua Agosti alirudi kupakia samaki Kirumba, akafukuzwa, akarudi tena.
Novemba akaja na mia mbili, akaomba kalamu.

Kwetu Usukumani mvua ikileta binti anaitwa Kabula,
ikileta mwana, Mabula.
Mvua ni ile ile. Tofauti ni herufi moja.
Lakini kanuni yetu hairuhusu kufuta:
unakata mstari, unaandika pembeni, wote mnasaini.
Akakata ile K.
Akaandika M, kubwa kupita kiasi, ikavuka hadi kwenye safu ya faini.
Tukasaini wote saba. Magesa alisaini mara mbili.

Wiki hii nimeandika jina langu mwenyewe chini ya Usingizi.
Mkono ulikuwa mzito. Ni rahisi kuhesabu usiku wa wengine.
Asubuhi nikafika benchini,
nikamkuta amekwisha fika, chapati mbili kwenye gazeti.
"Mwangaluka, mayu," akasema, akisogea.

Mayu.
Miaka yote hii watu hunisalimu, wakifika hapo wanakohoa.

Nauli: elfu moja na mia mbili. Ada: elfu kumi.
Chapati: bure.
Na lile neno, mpaka sasa,
sijui niliingize safu gani.