Nukta ya Agosti

Kiazi ni papa. Baba ni papá.
Kinachowatenganisha ni kistari cha mshazari,
kidogo kama mwiba wa samaki,
nacho Millaray amekisahau.

Kwa hiyo barua yake inaanza hivi:
Kiazi changu mpendwa, habari za mgodini?

Nacheka hadi kisu kinaniponyoka
(nilikuwa navimenya vyenyewe hivyo, viazi).
Aliro, wa miaka mitatu, anacheka kwa kuniona nacheka,
nusu ya kifutio imo mdomoni mwake.
Millaray hacheki.
Amekunja uso kama mwalimu Ojeda.
"Kosa liko wapi?"

Namwonyesha kwa ncha ya kisu.
Anakiweka kistari, anakikandamiza
mpaka karatasi inatoboka,
na baba yake anarudi kuwa mtu.

Mvua ya Calbuco iko juu ya bati tangu Jumanne.
Jiko la kuni linakoroma.
Mikono yangu inanuka kome;
nimefungua kome wangapi leo kiwandani, sijui.
Shule niliishia darasa la nne,
na hapa mezani natakiwa nijue
kwa nini H imo katika neno "mayai"
ilhali hakuna aliyewahi kuisikia.

Namwambia H ni bubu. Hasemi, ila ana kiti chake.
Ukimnyima kiti, neno zima linayumba.

"Mbona wewe umemnyima?"

Kidole chake kiko kwenye mlango wa jokofu,
kwenye orodha yangu ya dukani: sukari, mishumaa, mayai,
mayai yasiyo na H,
yamezungushiwa penseli nyekundu.
Pembeni: Mama, rudia mara tano.

Nilirudia. Usiku, wao wamelala,
nyuma ya risiti ya umeme.
Mara ya nne ndipo nikaona
kwamba hata "binti" kwetu huanza na bubu yuleyule.
Miaka saba namwita, binti, njoo, binti, vaa viatu,
bila kujua kuna nani amesimama
mlangoni pa neno.

Sasa amefika kwenye swali: Unakuja lini
na kiulizi mwishoni tu.
Kihispania hakikubali. Kwetu swali hufunguliwa
kabla ya kufungwa: kiulizi cha mbele
kichwa chini miguu juu,
cha nyuma kimesimama wima.

"Kwa nini viwili?"

Ili baba ajue tangu mwanzo kuwa anaulizwa.
Asije akafika katikati akidhani ni habari tu.

Anafikiri. Kile cha mbele anakichora kikubwa mno,
ndoana ya kunasia kitu kizito.

Tuliipiga picha barua, tukaituma Calama,
jangwani kwenye shaba,
ambako mvua ni neno la imla tu.

Siku tatu kimya.
Zamu za usiku, nikajisemea.
Mtandao, nikajisemea.

Kisha simu ikatetemeka kando ya sufuria.
Nakuja Agosti, basi, hakuna zaidi,
na "nakuja" ameiandika kwa B badala ya V.
Masikioni mwetu herufi hizo ni moja,
naye darasani hakukaa kunishinda mimi.

Millaray anaisoma. Penseli nyekundu iko sikioni.
Nataka kumwambia: hii iache.
Hata kwa B atakuja.

Lakini ameshafungua daftari,
ananakili polepole, ulimi nje,
V mahali pake,
Agosti kwa herufi ndogo, ndivyo tuandikavyo miezi,
halafu nukta. Anaizungusha na kuizungusha
mpaka inang'aa kama jicho la ndege.

"Baba hakuweka nukta," namwambia.

"Nimeona," anasema.
"Bila nukta anaweza kuongeza labda."